Kigoda cha Tabaka

Jumatatu, king'ora cha asubuhi kilipolia, kigoda cha Tabaka kilikuwa kimepinduliwa miguu juu mbele ya cherehani yake, na kila aliyeingia ukumbi wa kushonea magunia alijua kwamba Tabaka amefukuzwa.

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Ijumaa wote walikuwepo mwenye kiwanda alipoleta wageni wake, watu wa viatu visivyojua vumbi. Aliwapitisha kwenye mashine, akawaambia hawa mnaowaona ni ndugu zangu, tulipigania uhuru pamoja, hapa hakuna bosi. Tabaka akainua mkono kama mtoto wa shule. "Ndugu," akauliza, "kama hakuna bosi, zile feni za kunyonya vumbi aliziuza nani?" Wageni walicheka wakidhani ni utani wa ndugu kwa ndugu. Mwenye kiwanda naye alicheka, akampiga Tabaka begani. Jioni nyapara akamwambia Tabaka asirudi tena.

Kupindua kigoda ni sheria ya wafanyakazi, haikuandikwa popote. Waliianzisha enzi za mkoloni. Mtu akifukuzwa kwa kuonewa, mwenzake wa mkono wa kulia anakipindua kigoda chake, na tangu hapo hakikaliwi. Jirani zake wawili wanagawana magunia yake na kumshonea, mpaka mwenye mali achoke kuitazama ile miguu minne na kumrudisha mtu wake. Mara nyingi waliletwa watu wapya kukalia vigoda vya wengine. Wote waliondoka wenyewe, maana ukumbi mzima ulikuwa unawanyamazia, na afadhali mtu atukanwe kuliko kunyamaziwa na watu mia. Kigoda hugeuzwa tena miguu chini na mwenyewe akirudi. Au, kama amekufa, na wa nyumbani kwake.

Hilo la mwisho alilileta Tabaka mwenyewe. Mshonaji mmoja alifukuzwa, akafa kabla hajarudishwa, mjane wake akabaki getini na watoto. Katika darasa la itikadi, lililokuwa likifanyika kila Jumapili nyuma ya ghala, Tabaka, aliyebandikwa jina hilo kwa kulihubiri tabaka la wafanyakazi, alisema kwamba mfanyakazi hauzi mikono yake peke yake. Anauza pia mikono ya mke anayempikia na ya mama aliyemlea. Kigoda ni cha nyumba nzima. Mjane na akae. Wakapiga makofi, na aliyepiga kuliko wote alikuwa kijana mmoja mshonaji, mwenye sauti tamu ya kuanzisha nyimbo, waliyemwita Komredi.

Kiwanda kimeishia mikononi mwa huyohuyo Komredi. Kwanza kilifanywa mali ya umma, yeye akawa msimamizi kwa niaba ya umma. Kisha umma ukaambiwa unapata hasara. Kisha kikauzwa, na mnunuzi akawa yeye. Mpaka leo anaitwa Komredi, na anakasirika ukimwita vingine.

Nyumbani, katika chumba chao kimoja cha kota za kiwanda, Tabaka alikuwa na furaha ya mtu anayesubiri kushinda. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kanyoosha miguu njiani, na mkewe ilimbidi airuke kila alipopita na maji. Watu walimwita mkewe Dobi kwa sababu alifua nguo za nyumba za juu. Mikono yake ilikuwa imepauka kwa sabuni mpaka viwikoni.

"Ataniita kabla mwezi haujaisha," alisema Tabaka. "Bepari hana moyo, lakini hesabu anayo. Kigoda kikikaa vile, hesabu yake haikai."

"Inua miguu," alisema Dobi.

"Nisikilize basi. Yeye anatuhitaji sisi kuliko sisi tunavyomhitaji yeye."

"Nimesikia. Inua miguu nipite."

Kitandani, chini ya dirisha, alilala mama yake Tabaka. Kota nzima ilimwita Bibi. Miguu yake ilikufa zamani, na nguvu zake zote zikahamia ulimini. "Mwache mume wako," alisema. "Miaka yote anatuhubiria kwamba siku itakuja, wafanyakazi watakaa na mabepari watafua. Leo amekaa. Imebaki hiyo sehemu ya pili."

Dobi alicheka, na Tabaka naye akacheka. Siku hizo walikuwa bado wanacheka.

Baada ya king'ora cha jioni alipita Kipara, mshonaji wa mkono wa kulia wa Tabaka, ambaye ndiye aliyekipindua kigoda. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa kushonea watu wawili. Dobi alivitazama, akaona haya kama aliyeviumiza yeye.

"Vidole vyako, shemeji."

"Achana navyo. Vikiharibika vya kushonea, vya kulia chakula vitabaki," alisema Kipara. "Si tunamshonea mwenzetu?"

Siku chache baadaye, kabla jua halijatua, nyapara akaja. Hakuingia. Alisimama kizingitini, akayapitisha macho ukutani kama fundi anayekadiria kazi.

"Kota ni za wafanyakazi," alisema. "Asiye mfanyakazi, mwisho wa mwezi anaachia chumba."

"Na mama yangu je?" aliuliza Tabaka.

"Mama yako ni mfanyakazi?"

"Nilimlisha huyo bwana wako," alisema Bibi kutoka kitandani. "Mkoloni alipomfukuza alikula sufuriani mwangu mpaka mashavu yakamrudia. Mkumbushe."

"Anakumbuka, bibi. Huwa anaisimulia." Nyapara alikikwaruza kizingiti kwa kidole. "Rangi muiache kama mlivyoikuta." Kisha akamgeukia Dobi. "Komredi anakuita. Wewe, si yeye."

Ofisi ilikuwa ghorofani, na kelele za cherehani zilifika huko zikiwa zimelainika kama mvua ya mbali. Karani alimwambia Dobi avue viatu kwa sababu ya zulia. Aliingia na nyayo zake zilizopasuka, akajitahidi kukanyaga ukingoni, asiache alama. Kwenye kabati la kioo, pamoja na picha za maandamano ya uhuru, kulikuwa na kigoda kikuukuu kilichopakwa vanishi.

Komredi aliinuka, akampa mikono yote miwili. "Mama hajambo?"

"Hajambo, ila miguu."

"Mama yangu yule. Unakiona hicho kigoda? Ni changu. Mkoloni aliponitoa, mume wako ndiye aliyekuwa mkono wangu wa kulia, yeye ndiye aliyekipindua. Wakanishonea mpaka nikarudi. Kila nikikitazama moyo unaniuma."

Na kweli machozi yalimlengalenga. Hakuwa akiigiza. Wenye mali wana kila kitu, hata machozi wanayo.

"Basi mrudishe," alisema Dobi.

"Nikimrudisha, kesho ukumbi mzima utauliza feni. Mimi ningesamehe, shemeji. Wenye hisa hawatakubali."

"Wenye hisa ni nani?"

"Watu. Huwajui." Wenye hisa walikuwa yeye mwenyewe, mkewe, na wawili kati ya wale wageni wa Ijumaa. "Lakini sitaki kusikia mama yangu amelala nje. Chumba ni cha mfanyakazi, basi kuwa mfanyakazi wewe. Nikileta mtu baki, watamnyamazia, nawajua. Lakini kigoda si kinageuzwa na wa nyumbani kwake? Nilipiga makofi mwenyewe siku ile."

"Kama amekufa."

Komredi alimimina chai kwenye kikombe chepesi, akamsogezea. "Shemeji," alisema kwa upole kabisa, "kwa kiwanda hiki, amekufa."

Dobi alikitazama kikombe bila kukigusa. "Na mshahara?"

"Mwanafunzi huanza na nusu. Ukishazoea tutaangalia."

Alipokuwa akivaa viatu nje ya mlango, alimsikia Komredi akimwambia karani afungue madirisha kidogo.

Tabaka alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, kisha akasimama, na chumba kikawa kidogo.

"Ukikaa pale, umeuza watu wote."

"Watu gani?"

"Tabaka zima. Huoni anachofanya? Hawezi kuivunja sheria yetu kutoka nje, anataka aivunjie ndani, kwa mkono wako."

"Naona. Mimi si mjinga." Dobi alikuwa akikunja nguo za watu, hakuacha kukunja. "Lakini hilo tabaka zima, nalo lije limbebe mama yako. Hapa anabebwa na nani? Mimi kichwani, wewe miguuni. Tukitolewa tunampeleka wapi? Kwa dada yako, wanakolala kwa zamu?"

"Tutapata pa kujishikiza."

"Wapi?"

Tabaka alikuwa na jibu la kila kitu: bei ya gunia, faida inakokwenda, kwa nini bendera ilibadilishwa na geti la kiwanda likabaki lilelile. Mahali pa kumlaza mama yake hapakuwemo katika majibu hayo. Bila kupenda wakamgeukia Bibi wote wawili.

"Mnanitazama mimi," alisema Bibi. "Mnataka niseme niko radhi kulala mtaroni mwanangu asiaibike? Siko radhi. Nimelala mtaroni enzi za mkoloni, watoto mgongoni, na nyinyi mkaniambia ndiyo mara ya mwisho. Mkoloni alitutoa kwa kiboko, huyu anatutoa kwa kutuita ndugu. Mapinduzi yenu yote mimi nimepata dirisha hili. Silitoi."

Dobi alichukua nguo nyingine, akaikunja.

"Basi nenda," Tabaka alisema mwishowe, na uso wake ukachangamka ghafla. "Nenda, kesho. Utaona. Ukikigusa tu, wote watazima mashine. Watajua nani amekutuma. Kipara nimesalimiana naye bombani leo asubuhi, ataniuaje? Atasimama na kusema mwenyewe yu hai. Na hapo Komredi ataona."

Aliamini kila neno. Inaumiza kumtazama mtu mzima akiamini namna ile. Kisha, kwa kuwa alimpenda mkewe, na pengine kwa kuwa kuna mahali ndani yake palipokuwa tayari pameshaingiwa na baridi, alichukua foronya ya mama yake, akaikunja, akamwonyesha Dobi jinsi ya kuushika mdomo wa gunia ili sindano isimle kidole.

Nyapara alimfikisha Dobi mpaka kwenye kigoda, kisha akaondoka makusudi. Dobi alisimama kati ya Kipara na mwanamke mmoja mnene wa mkono wa kushoto, kitambaa kimemkaza kichwani, vumbi la nyuzi limeshaanza kumkwaruza koo. Akanyoosha mkono, akaushika mguu mmoja wa kigoda.

Cherehani ya kwanza ilizimwa. Ikafuata ya pili, na ya mstari wa nyuma, mpaka ukumbi ukawa kimya kabisa. Tabaka alikuwa amesema kweli mpaka hapo. Ghorofani pazia lilisogea kidogo. Watu mia walimtazama mwanamke aliyeshika mguu wa kigoda, kisha wakamtazama Kipara, kwa sababu wa mkono wa kulia ndiye mwenye kauli.

Kipara alijua kwamba Tabaka yu hai. Alijua Komredi anataka nini. Alikuwa hapo darasani kila Jumapili, na angeweza kulieleza jambo hilo vizuri kuliko nilivyolieleza mimi. Lakini vidole vyake vilikuwa vimefungwa matambara, na mbele yake kulikuwa na rundo la magunia ya watu wawili, na usiku uliopita alishindwa kukata tonge mwenyewe, mkewe akamlisha. Uchovu hauna itikadi. Alisimama, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Pole kwa msiba, shemeji," alisema.

Dobi alimkodolea macho. Yule mwanamke mnene akasema, "Pole, mama." Kisha mstari wa nyuma, pole. Pole ikatembea ukumbi mzima, mdomo kwa mdomo, na baadhi yao walilia kweli, maana walijua wanachokizika. Dobi alitaka kusema mume wangu nimemwacha anakunywa chai. Lakini pole ina jibu lake, na ulimi wake ukalitoa peke yake kama ulivyozoea.

"Nimeshapoa."

Akakigeuza kigoda, akakaa. Mashine zikawashwa.

Siku ya mshahara, watu wa ukumbini walifanya kama wafanyavyo kwa kila mjane: walichanga. Kipara ndiye aliyetumwa kupeleka. Alibisha hodi, na mlango ukafunguliwa na Tabaka.

"Mama mwenye nyumba yupo?" aliuliza Kipara, akitazama ukuta.

"Kipara. Ni mimi."

"Nimeleta mchango. Wa ukumbini."

"Mchango wa nini?"

Kipara akabaki amenyoosha mkono wenye bahasha, na Tabaka akabaki hajaipokea. Kama angepiga kelele, kama angemshika ukosi, pengine wote wawili wangepona. Ila walikuwa marafiki, wakaoneana haya.

"Pokea, mwanangu," alisema Bibi kutoka dirishani. "Rambirambi haikataliwi. Kesho hatuna unga."

Akapokea. Tangu siku hiyo Tabaka alipofika bombani mazungumzo yalikatika, watu wakampisha foleni kama wanavyompisha mgonjwa. Jumapili alikwenda nyuma ya ghala, akakaa kusubiri darasa. Walikuja watu wawili, nao walikuja kumwambia kwamba hawawezi kukaa.

Komredi alikuwa amekipata alichokitafuta, na hakukawia. Aliyefuata ni Kipara, aliyedai alipwe yale magunia aliyoshona ya mwenzake. Kigoda chake kilipinduliwa asubuhi. Kabla wiki haijaisha mkewe alikuja kukigeuza, kwa nusu mshahara, na Dobi, aliyekuwa mkono wa kushoto, ilimbidi amwambie pole kwa msiba. Mke wa Kipara alimtazama kwa chuki tupu. Kisha akajibu nimeshapoa.

Walifuata wengine. Mwishowe nusu ya ukumbi walikuwa wake za watu, na katika kota wanaume walikaa juu ya ndoo, miguu njiani. Wale wageni walirudi. Komredi aliwapitisha tena kwenye mashine, akawaambia kwamba chama chetu tangu enzi za mapambano kiliahidi ukombozi wa mwanamke, na leo mnauona kwa macho yenu. Wageni walipiga makofi. Mmoja aliomba kupiga picha, na Dobi akaambiwa atabasamu.

Alitabasamu huku amezuia kikohozi. Maisha yake yote mapafu yake yalikuwa yamekula mvuke wa sabuni, na sasa yalikuwa yanakula vumbi juu yake. Aliporudi jioni alifua nguo za watu vilevile, maana nusu ni nusu. Tabaka alimsuuzia. Alikuwa amejifunza kusuuza vizuri, na Bibi hakumtania tena kuhusu ile sehemu ya pili.

Siku moja Dobi alikohoa, na kwenye mdomo wa gunia lililokuwa mbele yake kukabaki doa. Lilikuwa dogo, ila lilikuwa jekundu. Nyapara alilinyanyua gunia kwa ncha za vidole.

"Haya ni magunia ya nafaka, mama," alisema. "Watu wanakula."

Dobi aliinuka mwenyewe. Alimgeukia mke wa Kipara, ambaye sasa ndiye mkono wake wa kulia. "Nipindulie kigoda," alisema, na yule akakipindua, kwa kuwa hata aliyekuchukia hakunyimi haki yako. Kisha akaendelea na kazi yake. Rundo la Dobi halikuguswa na mtu. Siku hizo hapakuwa tena na aliyeshonea wawili.

Kesho yake asubuhi nyapara alisimama kizingitini.

"Wa nyumbani kwake yupo?"

Dobi alilala mkekani, chini ya kitanda cha mama mkwe wake, akihema kwa midomo. Bibi alitazama dirishani. Tabaka alikuwa amekaa juu ya ndoo.

"Nusu mshahara," alisema nyapara. "Mwanafunzi."

"Mimi mwanafunzi?" alisema Tabaka. "Ile mashine nimeijua kabla wewe hujaota ndevu."

"Aliyeijua alikufa," alisema nyapara. Hakuwa na dhihaka. Alikuwa na haraka, kulikuwa na milango mingine ya kubisha. "Chumba mnakitaka au hamkitaki?"

Tabaka alimtazama mama yake, na mama yake hakugeuka. Akamtazama mkewe. Dobi alikohoa, akajifuta kwa foronya, akaikunja haraka ili ndani kusionekane.

"Inua miguu, mume wangu," alisema. "Nenda."

Mara hii hakuna mashine iliyozimwa. Tabaka alipita katikati ya ukumbi, kati ya watu aliowafundisha neno unyonyaji, na walioinua macho walikuwa wachache. Ghorofani pazia halikusogea. Alifika kwenye kigoda chake, kile ambacho wenzake waliapa hakitakaliwa, akaushika mguu mmoja, akakigeuza kwa mkono wake mwenyewe, akakaa. Kimo cha kigoda kilikuwa kilekile.

Mke wa Kipara hakuondoa macho kwenye sindano.

"Pole kwa msiba, shemeji."

Tabaka aliwasha mashine.

"Nimeshapoa," alijibu, akavuta gunia la kwanza.